Royal Crescent ya Bath: mbele jumba moja, nyuma kila nyumba na lake. Kwa nini?

Bandiko 1 | Timazi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenzi wa majengo ya kale.

Royal Crescent iko mji wa Bath, Uingereza. Mchoraji ni John Wood mdogo, mwana wa John Wood aliyejenga nusu ya Bath kabla yake. Jiwe la msingi liliwekwa Mei 1767 na kazi ikaisha kati ya 1774 na 1775. Ni nyumba 30 zilizoshikana kuta, zimepinda nusu duaradufu, na uso wa mbele una urefu wa mita 150 hivi. Ukisimama kwenye majani unaona jengo moja la kifalme: nguzo 114 za mtindo wa Ioniki (ule wa Kigiriki wenye vichwa vilivyojikunja), mstari mmoja wa paa, madirisha yamepangana kama yamepigwa mhuri.

Sasa zunguka nyuma. Paa hili limepanda, lile limeshuka. Nyumba moja imechomoza mita kadhaa, jirani yake imerudi ndani. Madirisha hayalingani vimo, mabomba ya maji machafu yanashuka nje ya ukuta, kila mmoja kajipangia.

Hoja yangu: nyuma ile haikutokana na uzembe. Ulikuwa mpango wa fedha. Wood aliuza sura, nyumba akawaachia wengine. Mwenye maelezo tofauti alete, na aje na vipimo.

Bandiko 2 | Fundi Chokaa
Niko na mleta uzi, ila mpango wenyewe ulipikwa na baba mtu. Wood mkubwa alijenga Queen Square, uwanja wa mraba wa Bath uliozungukwa na nyumba, kati ya 1728 na 1736. Ardhi aliichukua kwa mkataba kutoka kwa Robert Gay, tabibu wa upasuaji. Akachora nyuso za mbele, akakata ardhi vipande, kila kipande akampangishia mjenzi kwa mkataba wa miaka mingi. Sharti kubwa moja: mbele fuata mchoro. Ndani na nyuma shauri lako.

Hapo Wood hahitaji mtaji wa kujenga safu nzima. Kodi anayokusanya kwa wajenzi ni kubwa kuliko anayompa Gay, na ile tofauti ndiyo riziki yake. Upande wa kaskazini wa Queen Square una pembetatu ya paa katikati, kama jumba la bwana mmoja, kumbe ni nyumba za watu mbalimbali. Mwana alichukua fomula hiyohiyo akaipinda.

Bandiko 3 | Mama Ramani
Nimefurahi kuuona uzi huu. Fundi Chokaa, huyo mjenzi naye alitoa wapi pesa? Nyumba ya ghorofa nne si banda.

Bandiko 4 | Fundi Chokaa
Dada, swali zuri. Enzi zile za wafalme akina George, miji mingi ya Uingereza ilikwenda hivi:

Mwaka wa kwanza, mara nyingine miwili, mjenzi alitozwa kodi ya ardhi ya punje moja ya pilipili manga. Yaani bure, ila kisheria mkataba una malipo. Katika muda huo anakimbiza ukuta, sakafu na paa. Nyumba ikisimama gofu, hata plasta haina, anatafuta mnunuzi. Mnunuzi ndiye anayelipia umaliziaji: plasta, milango, mekoni, rangi. Ndiyo maana nyumba mbili zinazogusana zina ngazi tofauti na dari tofauti.

Pia mafundi walibadilishana kazi bila fedha taslimu. Mwashi anasimamisha ukuta wa seremala, seremala anaweka sakafu ya mwashi, fundi wa risasi (ile metali laini) anaezeka mifereji ya wote, na kila mmoja ana kipande chake kwenye safu. Akikwama mmoja wanayumba wote. Na ikipita ile miaka ya pilipili manga bila mnunuzi, kodi kamili inaanza kumla.

Bandiko 5 | Sheria na Tofali
Mnaipa fedha sifa zote na kuisahau sheria. Sheria ya ujenzi ya 1774, iliyoandaliwa na Robert Taylor na George Dance mdogo, iliweka nyumba kwenye madaraja:

Daraja la kwanza: thamani zaidi ya pauni 850, eneo la chini zaidi ya futi za mraba 900.
La pili: pauni 300 hadi 850, futi 500 hadi 900.
La tatu: pauni 150 hadi 300, futi 350 hadi 500.
La nne: chini ya hapo.

Kila daraja lilipewa unene wake wa kuta na msingi. Mbele ikabanwa na sheria, mbao za nje zikapunguzwa kwa hofu ya moto. Nyuma nani aliangalia? Usawa wa mbele umetokana na mkono wa serikali.

Bandiko 6 | Timazi
Mkuu Sheria na Tofali, takwimu zako safi, mahali ndipo pamekukataa. Sheria hiyo ilikuwa ya London. Bath haikuhusika, na mwaka 1774 Royal Crescent ilikuwa mwishoni. Tena ile sheria haikusema mbele zifanane. Ilisema ukuta wa pamoja uwe mnene kiasi gani ili moto usiruke. Na kuta za nyuma nazo zilipimwa, hazikuachwa.

Bandiko 7 | Sheria na Tofali
Nakubali kuhusu Bath. Lakini London usiniguse. Sheria ya 1709 iliagiza fremu za madirisha zirudi ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta, na ya 1774 ikaagiza sanduku la dirisha, yaani mbao za pembeni zinazoficha vizito, lijifiche nyuma ya tofali. Ukiona nyumba ya London ambayo fremu nene nyeupe imelingana na uso wa ukuta, huenda ni ya kabla ya hapo. Ukiona ukanda mwembamba tu wa mbao unachungulia, ni ya baadaye. Wanaokadiria umri wa nyumba huanzia hapo.

Bandiko 8 | Jicho Kali
Wote mnapita kando. Bath ulikuwa mji wa msimu. Watu walikuja kunywa na kuoga maji ya moto ya chemchemi, kucheza, kutafutana uchumba, na wengi walipanga nyumba kwa wiki au miezi. Mgeni wa msimu anataka anwani na uso. Mbele ndiko matembezi yalikofanyika, na mandhari ya kusini yanashuka bondeni. Nyuma ni kwa watumishi, vyoo na makaa ya mawe. Hakuna mgeni wa heshima aliyepelekwa nyuma, basi nani angelipia pambo huko?

Angalieni na ule mtaro uliofichwa mbele ya majani. Una ukuta upande mmoja, mteremko upande wa pili. Mifugo ya malishoni haisogei karibu, na ukiwa dirishani huoni uzio wowote. Kila kitu mbele kimepangwa kwa ajili ya jicho.

Bandiko 9 | Mawe na Kutu
Naleta la nne: bei ya jiwe.

Jiwe la Bath ni chokaa yenye chembe za mviringo kama mayai ya samaki. Ralph Allen alinunua machimbo ya Combe Down, na kufikia 1731 alikuwa na reli ya mabehewa inayoshusha mawe hadi mto Avon. Likitoka ardhini lina unyevu, ni laini, unalikata kwa msumeno wa mkono. Likikauka linapata ngozi ngumu. Kulikata ni rahisi, lakini kulisawazisha hadi kiungo kibaki milimita 3 ni siku nyingi za mwashi hodari. Kwa hiyo mbele walipanga mawe ya kuchongwa, kwa kawaida kama ganda juu ya ukuta wa mawe ya kawaida. Nyuma waliacha mawe yasiyochongwa vizuri na viungo vinene. Hapo hakuna falsafa, ni gharama.

Bandiko 10 | Mama Ramani
Nguzo je? Nimesoma zina urefu wa futi 47.

Bandiko 11 | Mawe na Kutu
Hapana dada, hiyo inasomwa vibaya kila mahali. Futi 47 ni kimo kutoka ardhini. Nguzo zenyewe hazianzii chini. Sakafu ya chini ni ukuta mtupu usio na pambo, umefanywa kama kigoda. Nguzo zinasimama juu yake na kupita ghorofa mbili. Kipenyo ni inchi 30, yaani sentimita 76. Nguzo ya Ioniki kwa kanuni ni kama vipenyo 9, sawa na futi 22 na nusu. Piga hesabu, zingekuwa futi 47 zingeonekana kama mianzi.

Na hazikusimama peke yake, zimezama kiasi ndani ya ukuta. Nyumba ya katikati ina nguzo pacha, Wood alizitumia kuonyesha kitovu. Hakuweka pembetatu ya paa kama baba yake.

Bandiko 12 | Pembe Mraba
Katika habari ya kitovu, mtazame Bedford Square, London, iliyojengwa 1775 hadi 1783. Kila upande umechorwa kama jumba moja lenye katikati iliyopakwa plasta na pembetatu juu. Upande wa kaskazini na wa kusini, chini ya pembetatu kuna nguzo bapa tano. Tano! Nguzo moja imekaa katikati kabisa, mahali ambapo kwa kanuni lazima pawe na uwazi. Sababu ni kwamba ukuta wa pamoja wa nyumba mbili unapita hapohapo, huwezi kuweka mlango wala dirisha juu yake. Idadi ya nyumba ikiwa shufwa, katikati huangukia ukuta.

Hapa ndipo napoona hoja ya Timazi ina nguvu: mgawanyo wa viwanja ndio uliomtawala mchoraji.

Bandiko 13 | Timazi
Shukrani Pembe Mraba. Mfano huo unabeba uzi mzima.

Bandiko 14 | Dirisha la Kale
Mimi natia maji kwenye hoja zenu zote nne. Mnachokiona nyuma ya Royal Crescent leo sicho alichokiacha Wood. Vyumba vingi vilivyochomoza, mabomba, vyumba vya kuogea, ni nyongeza za karne ya 19 na ya 20, maji ya bomba na vyoo vya ndani vilipoingia. Nyumba ya 1770 haikuwa na bomba la choo la kuning'inia. Tofauti zilikuwepo tangu mwanzo, sikatai, maana wajenzi walikuwa wengi. Lakini nusu ya vurugu mnamlaumu marehemu kwa kazi ya wajukuu.

Hata mbele hapakubaki salama. Karne ya 19 watu walishusha kingo za chini za madirisha ya ghorofa ya kwanza ili wapate mwanga zaidi, wakang'oa vijiti vya kugawa vioo na kuweka vipande vikubwa. Namba 1, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1970 baada ya kutengenezwa upya, ilirudishiwa kingo za juu na vijiti vyake. Simama umbali wa hatua mia uilinganishe na jirani zake, utaona mstari wa kingo umekatika.

Bandiko 15 | Msafiri Pwani
Habari wakuu. Na yale madirisha yaliyozibwa? Huwa naambiwa ni kukwepa kodi ya madirisha.

Bandiko 16 | Dirisha la Kale
Kodi ilikuwepo kweli, 1696 hadi 1851, na mwaka 1766 ikashuka hadi kugusa nyumba yenye madirisha saba. Watu walioziba wapo. Lakini ukienda ukapima, mengi unayoyaona kwenye nyumba kubwa yalizaliwa yamezibwa. Mchoraji alitaka madirisha matatu kwenye mstari, na nyuma ya moja kuna njia ya moshi ya meko au ukuta wa pamoja, basi akatengeneza sura ya dirisha.

Namna ya kutambua, kwa nyumba ya tofali:

Angalia ukingo wa pale palipozibwa. Ukikuta kiungo kimenyooka toka juu hadi chini, tofali za ndani hazijaingiliana na za ukuta, hapo paliwahi kuwa wazi. Zikiwa zimefungamana na ukuta, palijengwa hivyo. Kisha ingia ndani, gonga. Ukisikia uwazi, na plasta ina fremu ya mbao na vifuniko vya dirisha vimefichwa, lilikuwa dirisha la kweli. Ukikuta dohani, maneno yameisha.

Bandiko 17 | Sheria na Tofali
Hapo usiifute kodi haraka, mkuu. Mchoraji anayejua kodi ipo, anachora madirisha matatu na la tatu analiziba tangu mwanzo ili anayetaka alifungue baadaye. Sababu zote mbili zinaweza kukaa kwenye shimo moja. Kufungamana kwa tofali kunakwambia *lini*, hakukwambii *kwa nini*.

Bandiko 18 | Dirisha la Kale
Hilo nakupa. Tarehe ndiyo, nia hapana.

Bandiko 19 | Tofali Nusu
Wakuu mnaongelea mawe, ngoja niseme la London, maana nyumba za tofali ndizo zinazoota tumbo, yaani ukuta kuvimba kwa nje.

Ukuta wa mbele wa tofali moja na nusu una inchi 13 na nusu. Kwa macho ni mpango wa Kiflemi: tofali moja inaonyesha ubavu, inayofuata kichwa, zinapishana. Vile vichwa vilitakiwa vipenye ndani vishike ukuta wa nyuma. Lakini tofali nzuri za usoni zilikuwa ghali, na za ndani zilikuwa duni, mara nyingine vimo havikulingana, mistari haikukutana. Mjenzi akavunja tofali ya usoni katikati, akapata vichwa viwili kwa bei ya moja. Matokeo yake, uso ni ganda la nusu tofali, linashikwa na mgongo mahali pachache tu mistari ilipokutana.

Ongeza mbao walizolaza ndani ya ukuta kusawazisha mistari na kupigilia ubao wa plasta. Maji yakiingia, mbao inaoza, inabonyea, ukuta wa ndani unashuka, ganda la nje halishuki. Ukuta unafanya tumbo. Na kama boriti za sakafu zinakwenda sambamba na mtaa, uso wa mbele haushikwi na sakafu yoyote.

Hatua: teremsha timazi (kamba yenye kizito) toka juu, pima kila ghorofa, andika. Gonga kwa nyundo nyepesi, sauti ya debe ni ganda lililoachana. Rudi baada ya miezi kadhaa upime tena, kwa sababu tumbo la miaka 200 lililotulia si sawa na tumbo linalokua. Likikua, unatoboa na kuingiza vyuma visivyoshika kutu kushona ganda na mgongo, kisha unafunga ukuta kwenye boriti za sakafu. Kwanza tengeneza mfereji wa paa usivuje. Bila hivyo unashona kitambaa kilicholowa.

Bandiko 20 | Mama Ramani
Mfereji gani wa paa? Mbele sioni paa kabisa.

Bandiko 21 | Tofali Nusu
Ndiyo maana, dada. Ukuta mfupi wa juu unalificha. Nyuma yake nyumba nyingi za London zina paa lenye sura ya herufi V: linashuka toka kuta mbili za pamoja hadi katikati, na mfereji wa risasi unapita katikati ya nyumba kutoka mbele kwenda nyuma, juu ya kitanda cha mtu. Majani yakijaa, maji yanapanda pembeni mwa risasi na kuingia kwenye vichwa vya boriti. Vipande vya risasi vikiwa virefu mno vinapanuka kwa jua, vinachanika. Risasi lazima iwe vipande vifupi vyenye ngazi ndogo kati yake.

Na nyuma ya nyumba, V inaonekana wazi. Hilo ni jibu dogo kwa Timazi: mbele wamejenga kinga ya kuficha paa, nyuma wameliacha.

Bandiko 22 | Msafiri Pwani
Hili la maji kunaswa ukutani linanigusa, maana Mji Mkongwe wa Zanzibar una maradhi hayohayo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimepigwa plasta ya saruji, maji ya mvua yanaingia kwenye ufa mwembamba, hayatoki. Vichwa vya boriti za mikoko vinaoza ndani ya ukuta huku nje panang'aa. Na kule nako mbao ndiyo iliyoamua chumba: boriti ya mkoko haifiki mbali, ndiyo maana vyumba vyembamba na virefu.

Bandiko 23 | Fundi Chokaa
Umenena, kaka. Chokaa ni ileile, Bath au Unguja. Kwa tofali za London:

Chimba kiungo kwa mkono, kina angalau mara mbili ya upana wake, kama milimita 25. Mashine ya kukata isiguse, inakula kingo za tofali. Fagia, lowesha. Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wenye chembe kubwa na ndogo. Shindilia, usipake. Ikianza kushika, piga kwa brashi ngumu ifunguke vinyweleo. Kisha funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Baridi ikikaribia nyuzi 5 acha kazi, chokaa ikiganda kabla ya kukaza inamenyeka kama ukoko.

Saruji ni ngumu kuliko tofali. Maji yanayotaka kutoka yanakosa njia kwenye kiungo, yanatokea kwenye tofali, baridi inayagandisha, uso wa tofali unaruka. Mwisho unabaki na kimia cha saruji kimesimama na tofali zimeliwa. Inauma kuona.

Bandiko 24 | Mawe na Kutu
Kwa jiwe la Bath ongeza mambo mawili. La kwanza, jiwe lilazwe kama lilivyolala ardhini. Mwashi akilisimamisha, matabaka yake yanaelekea nje na yanabanduka kama kurasa. La pili, vyuma vya kubana mawe. Chuma kikipata kutu kinafura mara kadhaa ya ujazo wake na kupasua kona ya jiwe. Ufa unaotoka kwenye kona ya ukingo wa juu, wenye doa la rangi ya chai, chimbua, utakikuta. Toa chote, rudisha kisichoshika kutu.

Na weusi ule wa zamani: moshi wa makaa ya mawe una salfa, salfa inageuza chokaa ya jiwe kuwa jasi, jasi inanasa masizi. Mvua inaposhukia moja kwa moja panajiosha, chini ya kingo panabaki ganda jeusi. Kulainisha ni kwa manyunyu membamba ya maji kwa saa nyingi na brashi laini. Mchanga wa mashine unaondoa ile ngozi ngumu niliyoitaja bandiko la 9, na jiwe bila ngozi linazeeka haraka.

Bandiko 25 | Seremala wa Kapi
Mmesahau madirisha ya kupandisha, yale ya fremu mbili zinazopanda na kushuka kwa kamba na vizito, na ndiyo yanayotupwa kila siku ili yawekwe ya plastiki. Dirisha likigoma, mara nyingi ni rangi na kamba.

Kata rangi kwa kisu pembeni mwa fito ya ndani, ibandue taratibu kuanzia katikati maana inapinda. Toa fremu ya chini kwanza. Ng'oa fito nyembamba ya kati, toa ya juu. Chini ya sanduku kuna kifuniko kidogo, fungua, utaona vizito vya risasi au chuma. Pima uzito wa kila fremu pamoja na vioo. Kwa fremu ya chini, vizito viwili kwa jumla viwe pungufu kidogo ya fremu, ili ikishuka ikae. Kwa ya juu viwe vizidi kidogo, ili ikae juu. Wengi wanaweka sawasawa halafu wanalalamika dirisha linajifungua. Ukibadilisha kioo chembamba cha zamani kwa kinene, vizito vyote vinabadilika.

Kioo cha zamani kilizungushwa kwenye fimbo hadi kikawa sahani, kikakatwa. Ndiyo maana kina mawimbi yaliyopinda. Ukikivunja umepoteza.

Bandiko 26 | Jicho Kali
Kuhusu nani anamiliki mbele: miaka ya 1970 mwenye nyumba namba 22 ya Royal Crescent alipaka mlango wake rangi ya manjano wakati milango mingine ilikuwa myeupe. Mamlaka ya mji ikamwamuru aibadilishe. Akakataa, shauri likafika hadi kwa waziri, akashinda. Manjano ikabaki. Karne mbili baadaye bado watu wanabishana kama uso ule ni wa mmoja au wa wote.

Bandiko 27 | Pembe Mraba
Na vita ilijibu kwa njia yake. Aprili 1942 ndege za Ujerumani ziliipiga Bath, mabomu ya moto yakateketeza ndani ya namba 2 na namba 17. Uso ukabaki umesimama, nyuma yake uwazi. Ganda la mawe na nyumba vilikuwa vitu viwili kweli.

Bandiko 28 | Dirisha la Kale
Ukuta wa mbele wa nyumba yoyote ya mawe unaweza kusimama mbao zikiungua, Pembe Mraba. Hiyo haithibitishi mkataba wa Wood.

Bandiko 29 | Mama Ramani
Na The Circus, lile duara la nyumba hatua chache kutoka Royal Crescent? Wood mkubwa aliichora, akafariki 1754 mwaka uleule ilipoanza, mwana akamaliza. Duara lenye kipenyo cha futi 318, mitindo mitatu ya nguzo imepandana, Doriki chini, Ioniki, Korintho juu. Nyuma yake nako vurugu?

Bandiko 30 | Timazi
Nako vilevile, dada. Tena duara lina tatizo lake: kuta za pamoja zinatanuka kama mbavu za feni, kiwanja ni chembamba mbele na kipana nyuma. Royal Crescent nayo hivyo, kwa kuwa upande wa ndani wa mpindo ndio unaotazama majani. Kila mjenzi alijikuta na kipande chenye umbo la kabari, nafasi ya ziada yote iko nyuma. Mmoja akajenga upana wote, mwingine akaacha ua. Nakiri sikuligusa hili kwenye bandiko la kwanza, na ni sababu ya tano kabisa, ya jiometri.

Bandiko 31 | Sheria na Tofali
Sasa eleza Queen Square, iliyonyooka na viwanja vya mraba. Kule kabari haipo, na nyuma bado hazifanani.

Bandiko 32 | Timazi
Nipe muda nitafute michoro ya viwanja vya upande wa kaskazini, nirudi na upana wa kila kimoja.